Samaki wa Birika la Shule

Jumatano, tarehe 8 Machi 1978, Mwanvita alifika shuleni mapema kama kawaida yake, ufagio mkononi, aende kufagia ukingo wa birika la kunawia. Humo waliishi samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, kama ilivyo desturi katika mabirika ya Bagamoyo tangu enzi za wazee. Yeye, mtoto wa darasa la sita, ndiye aliyepewa kazi ya kuwatunza. Asubuhi hiyo wote walikuwa wakielea, matumbo juu.

Jana yake alilijaza birika kwa maji ya bomba, maana kisima kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya kipindupindu. Mwalimu mkuu, Bwana Salumu, hakutaka kusikia hayo. Alisema mtoto huyu amefulia humo nguo za kwao kwa sabuni, na asipokiri atachapwa Ijumaa mbele ya shule nzima. Wenzake nao wakapata la kusema.

"Kwenu leo kitoweo bure," mwenzake Mtoro alimwambia, na darasa zima likacheka.

Baba yake, Bwanaheri, alikuwa seremala. Tangu mkewe afariki waliishi wawili tu. Aliposikia habari hiyo aliitupa randa chini, akasema wakubwa ndivyo walivyo, wakiharibu wao humtafuta mnyonge wa kumtwisha. Kisha akamtazama bintiye.

"Ulitia sabuni?"

"Wallahi sikutia, baba."

"Basi usikiri."

Mwanvita alikwenda kunawa uso. Maji ya bomba yalinuka dawa, yakamwasha macho. Lakini maji ya beseni, yaliyokaa wazi uani tangu juzi yakipigwa na jua, hayakunuka kitu, na yalitoka bomba hilohilo. Akamweleza baba. Wakaenda kuomba samaki wanne katika birika la jirani yao, Bi Biubwa.

Ijumaa Bwanaheri akaingia shuleni na mabeseni mawili, moja la maji yaliyochotwa bombani sasa hivi, jingine la maji yaliyolala. Akatia samaki wawili kila moja. Bwana Salumu alimfokea kwa kuingia bila ruhusa, lakini yeye hakuondoka. Kabla ya mapumziko, samaki wa maji mapya walikuwa wakihema juu juu na kulala ubavu. Mwanvita akawahamisha upesi. Mmoja hakupona. Wale wa beseni la pili walikuwa wazima.

"Ni klorini," Bwana Salumu alisema, uso ameukunja. "Tulikwisha ambiwa kwamba watu wa maji wameiongeza bombani."

Aliweka fimbo kwapani. Hakuomba radhi.

Bwanaheri aliwageukia watoto. "Maji haya kunyweni, dawa hiyo ndiyo inayowakinga na kipindupindu. Ya samaki yaacheni wazi juani siku mbili, dawa itoke. Na mtu akikusingizia, usikubali uongo ili yaishe. Tafuta kilichotokea, kama alivyotafuta huyu."

Mwalimu alikwisha ingia ofisini na kufunga mlango. Bwanaheri akausogelea, akauliza huku watoto wote wakisikia:

"Mwalimu, kama ulijua dawa imeongezwa, fimbo ulimwandalia mtoto wangu kwa kosa gani?"