Mtandio Mwekundu Dirishani

Stendi ilifurika watu pale boksi la vioo lilipogonga cherehani ya mshonaji.

"We kaka, huoni?"

"Naona sana, dada. Kuona ndiyo kazi yangu."

"Basi uone na uzi ulioukata."

Aliyebeba boksi alikuwa fundi wa maabara, shati jeupe, kola imechakaa. Kesho yake alirudi kugeuziwa kola. Keshokutwa alileta kifungo alichokikata makusudi. Mshonaji alijua, akacheka moyoni.

"Unafanya nini humo ndani, mpenzi?" mshonaji alimuuliza kwenye simu, walipokwisha kupendana.

"Kila kemikali ina rangi ya mwanga inayoimeza. Leza yetu inaishia kwenye njano. Naivuta ifike nyekundu, tuzione sumu zilizomo kwenye maji zinazotupita."

"Na mimi utanivuta lini?"

Fundi alikohoa. "Ijumaa pita kwenye dirisha la maabara, mashine siwezi kuiacha. Ukijifunga mtandio mwekundu, umekubali nikuoe. Ukiwa mweusi, sikusumbui tena."

Ijumaa mvua ilinyesha. Mshonaji alisimama dirishani, mtandio mwekundu umemganda shingoni. Fundi aliinua uso, akamtazama kupitia miwani ya kazi, akageuka. Simu haikulia tena.

Miezi ikapita. "Aliyekupa mgongo unamngoja wa nini, mwanangu?" mama alimwambia. Akachumbiwa na muuza vitambaa, mtu mpole.

Siku moja maabara ilifungwa taa nyekundu ya hatari.

"Mbona haiwaki?" fundi aliuliza.

"Inawaka, bwana! Vua miwani," mwenzake alimjibu.

Akavua: nyekundu. Akavaa: giza. Miwani ile waliletewa Ijumaa ileile, leza ilipofika nyekundu, ili mwanga huo usiwaunguze macho. Akampigia mshonaji simu.

"Mtandio ule ulikuwa rangi gani?"

"Leo ndiyo unaniuliza? Naolewa Jumamosi."

Fundi alimfuata stendi na miwani mkononi. Mshonaji akaivaa, akautazama mtandio uliotundikwa kwenye cherehani.

"Mweusi tii," alinong'ona. "Kumbe hukunikataa."

"Hata siku moja. Nioe mimi, tafadhali… nikuoe, nasema."

Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. "Nimeshampa mtu neno langu, mpenzi. Nikimgeuzia mgongo, yeye hatakuwa na miwani ya kusingizia."

Akaifuta miwani kwa pindo la gauni, akamrudishia. Akajifunga mtandio, akaingia kwenye umati. Wekundu ule ulionekana mbali, haukutaka kupotea.

Fundi akavaa miwani. Mtandio ukawa mweusi kama nguo za wengine, na hapo ndipo alipoacha kumwona.