Mkono wa Sifuna kwa Valvu

Maji ya bomba hapa Sirisia ilianza kutoka na nywele. Moja, mbili, ndani ya sufuria ya chai. Wilkista alizitoa na kidole, akaendelea kupika. Siku ya tatu maji ikapungua, ikawa inatoka kama mate.

"Ni valvu ya pampu imeziba," bwanake, Sifuna, akasema. Yeye ndiye alikuwa anachunga pampu. "Naenda kuiosha."

"Baba Joan, ngoja. Kang'ethe, yule fundi wa Kitale, alikufia kwa kisima ya hiyo pampu, na hakuna kondoo ilichinjwa."

Kwetu mtu akifia mahali pa kazi, kondoo inachinjwa hapo, majani ya tumboni mwake inapakwa mlango na vyombo, ndiyo watu warudi. Lakini kamati ya maji ilikuwa na haraka.

"Ati kondoo! Si tumeokoka, bana? Ama ni nyama unataka?"

Sifuna akaenda akicheka. Wilkista akamfuata na panga, ati anakatia ng'ombe majani.

Saa nne asubuhi Sifuna alizima stima ya pampu, akafungua bolti, akatoa kifuniko ya valvu. Harufu ya damu mbichi ikatoka. Akaingiza mkono na brashi, akasugua kutu, akavuta rundo la nywele, ngozi ya kichwa bado imeshika. Akaingiza mkono tena.

"Wilkista," akasema polepole, "kuna mtu amenishika vidole."

"Wacha mchezo."

"Ni baridi, Mama Joan."

Halafu ikamvuta, bega ikagonga chuma, mfupa ukalia kama kuni kavu, na ile pampu ilikuwa imezimwa ikaanza kunguruma, na kila ikinguruma mkono unaingia kidogo tena, damu inaruka ukutani, na huko ndani ya bomba kitu inatafuna, inatafuna bila haraka, mpaka shavu ya Sifuna ikalala kwa chuma na jicho inamwangalia bibi yake.

"Kata," akanong'ona. "Mama Joan, kata!"

Wilkista alikata mkono na panga mara tatu. Pampu ikanyamaza.

Kondoo ilichinjwa hiyo jioni, lakini mkono haukuonekana ndani ya bomba. Hospitali ya Bungoma walimshona Sifuna, akarudi nyumbani akiwa hai. Wilkista alilia kwa furaha, akampikia uji, akamlaza kitandani, akaenda kuosha sufuria.

"Mama Joan, wacha kunifinya vidole," Sifuna akasema.

"Vidole gani?"

"Za huu mkono." Alikuwa anaangalia pale mkono ulikatwa, mahali hakuna kitu. "Si ni wewe umenishika?"

Wilkista alikuwa mlangoni, mikono yote kwa sabuni.

"Nitakushikaje na niko huku?"

Sifuna akashika kitanda na mkono uliobaki. Kitanda ikasogea hatua moja, ikielekea upande wa pampu.