Kamera ya Tatu

Jioni ile Placidia alitoka kununua petroli ya jenereta, akarudi ofisini Kayanga mbio mbio. Mwaka ulikuwa 1999, na mradi aliofanyia kazi ulikuwa unatengeneza filamu ya katuni kwa kompyuta, ya kuwafundisha wakulima habari za mnyauko wa kahawa. Yeye ndiye mchoraji. Kijiji cha kwenye filamu hakukitunga: alichora kibanja, shamba la nyumbani la mama yake kule Rugera, na nyumba, na migomba, na mama mwenyewe, Kokuberwa, akipepeta maharage uani. Mama wa watu alikuwa akiishi peke yake. Kumchora alimchora, lakini kumtembelea, thubutu! Mwezi mzima hajakanyaga nyumbani.

Kazi iliyobaki ilikuwa kupanga kamera. Usidhani ni kamera za kushika mkononi. Ni macho tu unayoyatega ndani ya mchoro. Chini ya kioo cha kompyuta kuna mstari wa muda uliokatwa vipande vipande, na kila kipande kinaonyesha ni kamera ipi inayotazama. Placidia alitega mbili tu. Ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili...

Ya tatu.

Akasonya. Kilikuwa kipande kifupi, kinaitazama nyumba kutokea katikati ya migomba, kwa kimo cha mtu aliyesimama. Akakifuta, akairudisha filamu mwanzo.

Kipo. Na safari hii nyumba ilikuwa karibu zaidi.

"Polikarpi!"

Polikarpi, fundi wa mitambo, ndiye mwingine pekee mwenye ufunguo wa chumba kile. Na juzi tu walikuwa wamegombana.

"Michezo yako siitaki," Placidia akamwambia.

"Michezo gani, dada? Mimi hata mgomba siwezi kuuchora."

Hakumwamini hata chembe. Alimkalisha pembeni yake, mikono juu ya meza aione, kisha akafuta tena. Ya kwanza... ya pili... ya tatu. Sasa imeshafika uani. Mama kainamia ungo wake, na amevaa kitenge cha kijani. Placidia hakumchorea kitenge hicho. Alikinunua kweli, akampelekea kwa mkono wa kondakta wa basi Jumamosi iliyopita.

Mama akainua uso. Akatazama moja kwa moja kwenye kamera, akatabasamu.

Chumbani mle mkaanza kunuka moshi wa kuni na majani mabichi ya migomba. Nje jenereta ikakohoa mara moja, ikazima.

Kioo hakikuzima.

"Ni betri hiyo," Polikarpi alinong'ona, ingawa betri ya akiba ilikufa tangu Pasaka na yeye mwenyewe ndiye aliyeing'oa. Akameza mate. "Dada... umemchora mama peke yake. Mbona wewe hukujiweka? Nafasi ya mtoto umemwachia nani?"

Placidia hakungoja kusikia zaidi. Walipanda pikipiki ya mradi, Polikarpi mbele, na njia nzima hadi Rugera alimwomba Mungu jambo moja tu: amkute mama yake mzima.

Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Uani palikuwa kimya, ungo umeachwa chini na maharage yake. Mlango ulikuwa umefungwa, na mwanga wa koroboi ukipenya chini yake.

"Hodi! Mama, shikamoo. Ni mimi, Placidia."

Akabisha tena.

"Mama?"

"Nenda zako." Ilikuwa sauti ya mama, ya chini, ya kuogopa. "Placidia wangu yuko humu ndani."

"Mama, mimi hapa!"

"Siku zote hizi anasimama pale kwenye migomba, namwita, ananitazama tu. Nikajua anaona haya kwa kutonitembelea. Leo nimemkaribisha mwanangu. Wewe ni nani, unayemwigiza sauti?"

Placidia akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili. Alilia waziwazi, bila aibu. Akataja jina la marehemu baba yake, akataja kovu la goti lake, akataja kila alichodhani mama atakitambua.

Ndani mtu akacheka kidogo.

"Usimfungulie, mama."

Sauti ilikuwa ya Placidia mwenyewe.

Placidia akageuka kumtazama Polikarpi apate shahidi. Polikarpi alikuwa anarudi nyuma taratibu, tochi kaielekeza miguuni pa Placidia, kisha usoni, kisha tena miguuni.

"Dada," akanong'ona, "mimi ofisini nimetoka na nani?"

Akawasha pikipiki, akaondoka. Placidia akabaki kizingitini, paji la uso kwenye mbao za mlango. Ndani alisikia sahani ikiwekwa mezani, na sauti ya mama, laini sasa, yenye furaha kabisa.

"Umekula, mwanangu?"

"Bado, mama," Placidia akajibu.

Lakini hakuwa yeye aliyeulizwa.