Ndiyo kwa Kila Swali

Mstari ule ulikuwa wa Kiswahili, na hapo ndipo yule bwana angeshtuka, kama angekuwa na akili ya kushtuka. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa haijui Kiswahili hata neno moja. Tangu asubuhi ilimwaga maandishi ya kigeni kwenye kioo, mstari juu ya mstari, na katikati yake likakaa swali: "Wewe ndiye mwenye nyumba?" Chini yake limeandikwa jibu: "ndiyo".

Hakujibu yeye. Ilijibu amri yake. Majirani walimwita Injinia, na Injinia alikuwa na uvivu wa watu wa kazi yake, hapendi kuulizwaulizwa. Mkewe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo, akarudi nyumbani hai lakini bila sauti. Kwenye simu zilibaki rekodi zake za zamani, na Injinia akaapa kwamba kompyuta itamsemea mkewe kwa sauti yake mwenyewe. Programu za kazi hiyo zipo, za bure, zimeandikwa na watu wa dunia nzima. Ila mashine yake kuukuu ilizikataa zilizo tayari, ikabidi ashushe maandishi matupu ya waandishi wake, aiachie mashine yenyewe iyageuze kuwa programu. Maktaba moja, yaani furushi la maandishi ya programu, ilitegemea nyingine iwepo kwanza, na hiyo nyingine ikategemea yake. Kila hatua swali: nishushe hiki? Niondoe kile? Akachoka. Akaandika kwamba kila swali lijibiwe ndiyo, akaenda kunywa chai.

"Unaiachia mashine ikujibie?" mama mkwe wake akamuuliza. "Je, ikiuliza kama unamwacha binti yangu?"

"Itajibu ndiyo, mama."

Wakacheka wote. Mkewe naye alicheka, bila sauti, ameshika mbavu.

Aliyecheka kuliko wote ni binti yao wa miaka mitano, Kasuku, jina alilopewa kwa sababu hakuwahi kufunga mdomo tangu alipoujua. Tangu mama apoteze sauti, yeye ndiye aliyekuwa sauti yake, dukani na kwa majirani. Mama akiinua nyusi tu, Kasuku anamalizia: "Mama anasema umempunja!" Masikini yule mama hakuwa na namna nyingine ya kuwepo mbele za watu.

Basi Injinia aliporudi na kikombe chake na kuukuta ule mstari, alicheka. Akadhani ni mzaha wa mwandishi mmoja wa programu huko, maana wana utani sana wale. Akasikia harufu ya nywele zilizoungua, akafungua boksi la kompyuta apulize vumbi. Feni ilikuwa imesimama. Lakini sauti ya kuvuma iliendelea, ikivuta na kutoa, ikivuta na kutoa.

Saa nane mchana maandishi yakasimama. "Sauti iliyotakiwa haifai. Nichukue iliyo karibu?"

"ndiyo".

Jikoni Kasuku alikuwa anahesabu vikombe. "Nne! Tano! Sita!" Kisha kimya. Injinia akakimbia, akamkuta mtoto amesimama, mdomo unafunguka na kufungika, machozi yanamtoka, na hakuna kinachotoka. Nyuma yake, chumbani, spika ikasema kwa sauti ya Kasuku, na furaha ya Kasuku, "Saba!"

Walichomoa umeme, kioo kikabaki kinawaka. Walifunika mashine kwa blanketi, ikacheka chini ya blanketi. Na kwa siku tatu, mchana kweupe, kila Injinia alipopita pale mlangoni ile sauti ndogo aliyoilea mwenyewe, aliyoifundisha kusema baba, ilimwita kwa upole kisha ikamwambia, "Mama anasema ni kosa lako," na mkewe akatikisa kichwa kukana, "Mama anasema ungekufa wewe," na mkewe akatikisa kichwa tena, akilia, "Mama anasema hatakusamehe," na safari hiyo mkewe hakutikisa.

Siku ya nne mama mkwe akaleta mganga, mwanamke mfupi mwenye miwani minene. Alinusa chumba, akanong'ona.

"Mashine sizijui mimi. Wageni nawajua. Huyu hakuvunja mlango, amebisha akaitikiwa. Aliyemwitikia ndiye atamtoa, kwa vidole vyake."

"Na mwanangu? Sauti itarudi?"

"Itarudi. Ila atakuuliza swali moja kabla hajatoka. Safari hii usome, baba. Soma ndipo ujibu."

Injinia akaketi. Kasuku alikaa mapajani mwa bibi yake. Mkewe alisimama nyuma ya kiti, mkono wake wa moto begani mwa mumewe, na Injinia akaushukuru mkono ule. Akaandika amri ya kuondoa.

"Baba, usinifute," spika ikalia. "Baba, naogopa."

Akabonyeza. Swali likaja.

"Niirudishe sauti, niondoe na vyote vinavyoitegemea?"

Alisoma. Wallahi alisoma, neno kwa neno, mkono ule begani ukamkumbusha ni nani aliyeitegemea sauti ile, na kidole chake kilikuwa njiani kwenda kwenye hapana. Lakini siku tatu bila usingizi zilikuwa zimemsahaulisha kitu kimoja, ile amri ya siku ya kwanza ya kujibu ndiyo kila swali, ambayo hakuwahi kuifuta.

"ndiyo".

Feni ikaanza kuzunguka. Harufu ikakatika. Bega lake likawa jepesi.

"Nane!" Kasuku akapiga kelele mapajani mwa bibi. "Bibi, nimesema! Mama anasema..."

Akageuka kumtazama mama yake anasema nini. Nyuma ya kiti palikuwa na kandambili mbili, zimepangwa vizuri. Bibi akaanza kulia kabla mtoto hajaelewa.

Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili tu.

"Umeridhika?"

"ndiyo".