Vazi la Sponji

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa duka, kiwanda na sebule kwa pamoja. Mama alikaa kwenye cherehani karibu na mlango ili apate mwanga. Bibi alikaa kwenye mkeka akichambua vifungo, vyeupe kopo hili, vyeusi kopo lile. Mabaki ya vitambaa yalitapakaa sakafuni, hata ukivua viatu hujui umeviacha wapi. Mama alikuwa fundi hodari. Sketi iliyowashinda wengine ililetwa kwake. Aliitazama mara moja tu, kisha akasema, "Iache hapo, njoo kesho."

Binti yake alikuwa na miaka kumi na minne. Bibi alimwita Chura tangu utotoni, kwa sababu akiogeshwa kwenye beseni alikuwa hataki kutoka. Jina likamganda. Sasa Chura alikuwa akiogelea kwenye bwawa la shule, na aliogelea vizuri kwelikweli. Jumamosi ile kocha angechagua timu ya wasichana. Ukikosa, unasubiri mwaka mzima. Chura aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote.

Jumatatu alirudi kutoka shule akapita bila kusalimu.

"Wewe mke mwenzangu," Bibi akamwita, "siku hizi salamu zinauzwa?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Na uso huo umeuokota wapi?"

Chura alimwinamia mama yake akamnong'oneza sikioni. Alikuwa ameingia mwezini.

"Sasa hilo ni la kununia?" Mama akasema. "Pedi si zipo kabatini?"

"Mama, mimi siku zangu huchukua wiki nzima. Jumamosi itanikuta bado. Nitavaaje pedi kwenye maji?"

Cherehani ikanyamaza.

Ngoja nikueleze kilichomtia hofu mtoto huyu. Mwaka uliopita msichana mmoja wa darasa lao alitoka bwawani, damu ikamchuruzika mguuni. Hakujua mpaka alipoona watu wanamtazama. Wavulana walicheka, wakampachika jina la Rangi. Tangu siku hiyo Rangi hakugusa maji tena. Kila kipindi cha kuogelea alikaa kwenye benchi na sare yake, akisema tumbo linamuuma. Na alikuwa na mbio kumzidi Chura. Chura alimwona pale kila wiki, na kila wiki aliogopa kwamba ipo siku atakaa naye.

Bibi, ambaye masikio yake hayajazeeka hata kidogo, akaingilia.

"Asiingie majini huyo. Maji yatapanda tumboni, damu igande, kesho asizae. Ndivyo tulivyoambiwa."

"Aliwaambia nani, Bibi?"

"Waliotutangulia."

"Na wao waliambiwa na nani?"

"Mtoto huyu angezaliwa hakimu," Bibi akasema, akarudi kwenye vifungo vyake. Lakini mikono yake ilikuwa imesimama. Na yeye aliogopa.

Chura akasema taratibu, "Mama, kuna zile za kuvaa ndani. Tamponi. Wasichana wa darasa la juu wanazitumia."

"Hapana. Ikipotelea huko ndani tutaitoa na nini? Na usichana wako je?"

Mama alilisema kwa ile sauti yake ya kufunga mlango. Kisha akamwona mwanawe anafuta machozi kwa ukosi wa sare, naye moyo ukamuuma. Macho yake yakaangukia kipande cha sponji kilichobaki baada ya kushona mto wa kiti cha mteja. Fundi hakosi la kufanya, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Alikata sponji kwa umbo la pedi. Akaizungushia nailoni kwa chini. Akaishonea ndani ya vazi la kuogelea, mshono juu ya mshono, na miguuni akaongeza lastiki ili lisitoke hata tone. Kazi ilikuwa safi, hilo nisimnyime. Kisha akalitandika vazi mezani, akamimina kijiko cha maji juu ya sponji. Maji yakatoweka.

"Mmeona? Imeyanywa yote."

Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Chura akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Hakuna aliyejiuliza bwawa lina vijiko vingapi.

Jumatano kulikuwa na mazoezi. Chura alivaa pedi mpaka shuleni, akaivua, akavaa vazi la mama yake. Alijitazama mbele na nyuma. Halikuonyesha kitu. Aliruka majini upande wa kina kirefu pamoja na wenzake.

Mwanzoni alikuwa sawa. Alipofika katikati alihisi kitu kinamvuta nyuma. Alipiga miguu, miguu ikawa mizito. Sponji ilikuwa inakunywa. Nailoni iliyashika maji yasitoke, na lastiki ilibana kila mahali, kama alivyokusudia fundi. Kiuno kikazama, miguu ikafuata. Alinyoosha mkono kutafuta ukingo, na ukingo ulikuwa mbali. Alifungua mdomo kuita, maji yakaingia. Juu aliona mwanga unatikisika. Akawaza, nakufa, na nikifa watanivua nguo hii waione.

Kitu kigumu kikamgusa bega. Ulikuwa mti mrefu wa kuokolea. Aliushika kwa mikono yote miwili, kocha akamvuta mpaka ukingoni. Chura alitapika maji, akatetemeka. Vazi lake lilimwaga maji bila kukoma, na mahali fulani nyuma mvulana mmoja akacheka.

"Una nini?" kocha akauliza. "Misuli imekaza?"

Kocha alikuwa mwanamume, umri wa baba yake. Chura akatikisa kichwa kukubali.

"Jumamosi sitaki mgonjwa kwenye maji," kocha akasema. Hakuwa mkali, ila na yeye alikuwa ameshtuka. "Ukiwa katika hali hii, nafasi nitampa mwingine."

Penye benchi Rangi alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

Nyumbani Chura alilianika vazi uani, akaingia ndani akajilaza. Hakumwambia mtu. Alijua mama ataumia akisikia. Sasa hofu zake zilikuwa tatu. Aliogopa kuchekwa. Aliogopa benchi. Na kwa mara ya kwanza maishani aliyaogopa maji yenyewe.

Jioni jirani yao muuguzi alikuja kuchukua gauni lake la kazi lililokuwa linapunguzwa kiuno. Alikuwa wa wadi ya wazazi, mcheshi, na mwenye mazoea ya kupitia mlango wa uani.

"Hodi humu. Fundi, kuna nguo yako inalia."

"Inalia vipi?"

"Zote kwenye kamba zimekauka, hii moja bado inatiririka." Muuguzi akalikamata vazi akaliminya. Maji yakamwagika mpaka miguuni kwake. Akaliminya tena, yakaja mengine. "Shoga, humu ndani umeficha godoro?"

Mama akacheka, akamweleza ufundi wake wote, kijiko na lastiki. Muuguzi alianza kwa kutabasamu. Mama alipofika kwenye nailoni, tabasamu la mgeni lilikuwa limeisha.

"Mtoto ameingia majini na hili?"

"Leo."

"Mwite."

Chura alikuja. Muuguzi hakumkaripia. Alimkalisha karibu naye akamuuliza, "Mwanangu, majini kulikuwaje?" Basi kilio kikamtoka, na habari yote ikamtoka pamoja nacho, mpaka ule mwanga uliotikisika.

Mama alikaa chini penye vitambaa. "Nimetaka kumuua mwanangu," akasema. "Kwa mkono wangu mwenyewe."

"Hukutaka. Uliogopa," muuguzi akasema. "Na hofu ikishika mkasi hukata vibaya. Sikilizeni. Pedi, kitambaa, sponji, vyote kazi yake ni kunywa. Ukivitia bwawani vitakunywa bwawa, visibakize nafasi ya damu. Usivitie majini."

"Ndiyo maana nikasema asiogelee," Bibi akasema. "Maji yatapanda tumboni."

"Bibi, wewe unakaa kwenye beseni ukioga. Tumbo limewahi kujaa maji?"

Bibi akafikiri. "Hapana."

"Basi na lake halijai. Kuogelea kwenye maji safi wakati wa hedhi hakudhuru kizazi. Wengine hata maumivu ya tumbo yanapungua. Na damu mtu akiwa majini hutoka kidogo, maji yanaizuia. Lakini haikatiki. Akipanda juu, inaendelea. Ndiyo maana anahitaji kinga ya ndani."

Mama akainua macho. "Tamponi."

"Tamponi, au kikombe cha hedhi, kile laini kinachovaliwa ndani kikinge damu. Kuna pia nguo maalumu za kuogelea zenye kitambaa chembamba kisichopitisha damu, na hicho si cha kubuni kwa mto wa kiti, shoga. Na kama mtu hataki vyote, apumzike siku hiyo, si aibu. Achague mwenyewe."

"Ikipotea je?"

"Itapotelea wapi? Njia ile ina mwisho. Mlango wa kizazi ni mdogo mno, tamponi haipiti. Na ina uzi unaobaki nje. Ukiuvuta, inakuja."

Mama alisita, akamtazama Bibi, akauliza lile hasa lililomkaba. "Na usichana wake?"

"Ile ngozi ya ubikira ina uwazi tangu kuzaliwa, la sivyo damu ingepita wapi? Kwa wengine inachanika kidogo hata kwa michezo. Lakini usichana hauchukuliwi na pamba. Atabaki msichana vilevile."

Kisha akamgeukia Chura. Alimwambia achukue ndogo kabisa. Aoshe mikono kabla na baada. Achuchumae au aweke mguu mmoja juu ya kiti, avute pumzi, aielekeze upande wa mgongo, asilazimishe. "Ukiogopa, mwili unakaza. Ukikaza, itauma. Ikiuma, acha, jaribu siku nyingine. Ikikaa vizuri hutaihisi."

"Na nikae nayo mpaka lini?"

"Ivae karibu na kuingia majini. Ukitoka, itoe uvae pedi. Kwa vyovyote isizidi masaa manane, na usiisahau ndani. Ukiwa nayo ukapata homa ya ghafla, kutapika, kizunguzungu au vipele, itoe mara moja uende hospitali. Ni nadra, lakini lijue. Na kocha aambiwe."

"Siwezi kumwambia mwanamume."

"Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Leo kidogo kikuumbue. Kama ungemwambia, angekutoa majini mapema."

Siku ya pili Mama alikwenda duka la dawa mwenyewe, akanunua tamponi, na juu yake dawa ya kikohozi asiyoihitaji ili kupunguza haya. Chura akajifungia bafuni. Mara ya kwanza haikuingia. Aliogopa, akaiacha.

"Vipi?" Mama akauliza nje ya mlango.

"Bado."

"Imeingia?" Bibi akauliza kutoka sebuleni, mtaa mzima ukasikia.

Chura akacheka bila kutaka. Ijumaa alijaribu na nyingine mpya, na labda kicheko cha jana kilikuwa bado mwilini, kwa sababu safari hii ilikaa. Alisimama akatembea. Hakuhisi kitu. Baadaye alivuta uzi, ikatoka. Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa akashusha pumzi ndefu.

Jumamosi Mama alimsindikiza. Bwawani Chura alimwendea kocha kabla ujasiri haujamtoroka.

"Kocha, Jumatano sikuwa mgonjwa. Niko kwenye hedhi. Nilivaa kitu kisichofaa, kikanizamisha. Leo nimevaa kinachofaa."

Kocha alitazama viatu vyake kwa muda. "Kumbe," akasema. "Ningejua, nisingekutisha. Ukitaka kuvaa kaptura nyeusi juu, vaa. Nami nitasimama karibu, mti wangu mkononi."

Chura akasimama ukingoni. Maji yalikuwa yaleyale, kina kilekile. Nyuma yake Mama alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, midomo ikitembea kimyakimya. Filimbi ikalia.

Alipofika katikati, pale pale alipozama, mwili ulikumbuka. Pumzi ikamkatika. Alingoja kuvutwa nyuma. Alipiga miguu, na miguu ikaja, myepesi. Akapiga tena. Aliogopa mpaka mkono wake ulipogusa ukuta, na alikuwa wa pili.

Alipanda juu. Hakumtazama kocha wala mama yake. Alitazama miguu yake kwanza. Yalikuwa maji matupu. Ndipo akasikia kocha anasema, "Timuni umeingia," na Mama akaketi chini palepale kwenye sakafu yenye maji, na gauni lake zuri.

Chura alikwenda kubadilisha kama alivyofundishwa. Alipotoka, Rangi alikuwa anamsubiri.

"Wewe si ulikuwa..." akashindwa kumaliza.

"Niko mwezini. Hata sasa hivi niko."

Rangi akamsogelea. "Uliwezaje?"

"Njoo nyumbani leo. Jirani yetu atakueleza. Bibi yangu ataropoka, umvumilie." Kisha Chura akamwita kwa jina lake, lile alilopewa na wazazi wake, ambalo bwawani halikutajwa mwaka mzima. Msichana yule aliitika kwa sauti ndogo.

Jioni ile alikaa kwenye mkeka pamoja nao, akauliza maswali yake yote. Juu ya cherehani kulikuwa na kipande cha sponji kilichochomekwa pini na sindano. Mama alikuwa amekichomoa kwenye vazi, na kwa kazi hiyo kilifaa sana.

Jumatano iliyofuata benchi lilikuwa tupu.