Mkufunzi wa Kehl na Ukimya wa Gauthier

"Gauthier, nijibu. Ndiyo au hapana?"

"Tutaona, mpenzi. Nipe siku chache."

Basi, hayo ndiyo yakawa maneno ya mwisho. Wiki nzima simu kimya! Svenja alikuwa amemwomba mwanaume huyo, ofisa wa Ufaransa anayeishi Strasbourg ng'ambo ya mto, kwa kinywa chake mwenyewe, waoane na ahamie kwake Kehl, upande wa Ujerumani. Na leo kabla ya saa sita wakubwa wa kazi huko Berlin walitaka kujua kama Svenja anakwenda kushika cheo kipya kwao. Hata chai ilimshinda.

Na bado darasa lilimsubiri. Kazi yake ni kufundisha maofisa wa serikali za Ujerumani na Ufaransa wafanye kazi pamoja bila kutoana macho.

"Bi Svenja, mimi hawa wenzetu wa ng'ambo wamenichosha!" alilalamika Ruprecht, ofisa wa zimamoto. "Kikaoni tunakula, tunacheka. Ukiomba jibu, kimya! Kama hawataki si waseme?"

"Punguza jazba, Bwana Ruprecht. Wewe unakuja kikaoni umeshapewa ruhusa ya kuamua. Mfaransa lazima kwanza aende kwa mkuu wake. Akinyamaza, hajakukataa. Anaogopa kukuahidi kitu halafu aumbuke."

Maneno yake mwenyewe yakamrudia. Ama kweli mganga hajigangi! Akatoka mbio hadi koridoni, akapiga simu.

"Gauthier, ulikwenda kwa nani?"

"Kwa mkuu wangu," alijibu kwa sauti ya chini. "Niliomba uhamisho nije ofisi ya pamoja ya nchi zetu mbili hapo Kehl. Sikutaka nikwambie ndiyo halafu mambo yakwame."

"Amesemaje?"

"Amekataa. Tangu jana. Nikashindwa kukupigia."

Machozi yakamlenga Svenja.

"Kwa hiyo niende zangu Berlin?"

"Usiende! Kazi nitabaki nayo huku Strasbourg. Nitaishi kwako, asubuhi navuka daraja kwa tramu kama watu wengine. Mjinga mimi, hilo lilihitaji kibali cha nani?"

"Unasema wewe, au tunamsubiri mkuu aweke sahihi?"

"Nasema mimi. Nakuoa, Svenja."

"Tarehe?"

"We Mjerumani wewe! Jumamosi ya pili ya Juni."

Akawaandikia Berlin: "Asanteni, siji. Naolewa." Kisha akaketi sakafuni palepale, akaangua kilio, mpaka Ruprecht akatoka na kikombe chake cha kahawa kuuliza nani kafa.