Nakuja, Bibi

Jambo la kwanza lilikuwa glasi ya pili. Karani alimkuta Abee amekaa peke yake kwenye benchi akisubiri usaili, akamwekea glasi moja ya maji, na nyingine akaiweka pembeni, mbele ya nafasi tupu. Abee alipomtazama, karani aliuliza kwa upole kama bibi aliye naye hanywi maji baridi.

Jina hilo la Abee alipewa na wenzake wa chuo cha uuguzi, kwa kuwa ukimwita, hata kwa utani, hata akiwa usingizini, huitika hivyo, kama binti aliyefundwa akafundika.

Ndani, metroni, mkuu wa wauguzi, alimuuliza alifanyia wapi mazoezi ya wodini. Swali hilo ndilo mlango na ndilo komeo. Vyeti wanavyo wote. Kila hospitali huchukua wale iliowaona kwa macho wakigeuza wagonjwa na kufunga vidonda, na wengine huambiwa watapigiwa simu. Abee alifungua mdomo ajibu, na nyuma ya kisogo chake sauti kavu ikasema, "Nesi."

"Abee," akaitika, akageuka. Ukuta mtupu.

Waliokaa mezani walitazamana. Wakamwambia watampigia. Usaili uliofuata ukawa vivyo hivyo, na uliofuata huo.

Sauti ile aliijua. Alasiri ya mwisho ya mazoezi yake, mgonjwa wa kitanda cha kona, bibi asiye na mtu wa kumtazama, alimshika pindo la sare akamwomba akae naye kidogo. Mlangoni, sista wa wodi alikuwa akiwaita wanafunzi aliotaka kuwakumbuka nafasi zikitoka. Abee akasema, "Nakuja, bibi," akaenda. Sote husema hivyo. Ndiyo lugha yetu: mtu anaondoka, anasema anakuja, na hakuna anayemhesabia uongo. Naye alikuwa anatafuta riziki, nani angemlaumu? Hakurudi. Bibi, kama Abee alivyosimuliwa baadaye, alikufa macho yakiwa mlangoni.

Wako wasemao kwamba wafu hawarudi, ila jini akipita akaikuta ahadi isiyo na mwenyewe, huivaa kama nguo iliyosahaulika kambani.

Nyumbani ilianza harufu ya spiriti na kidonda kibichi. Kisha ndara zikiburuzwa ukumbini mchana kweupe, zikifika mlango wa chumba cha Abee na kusimama. Kisha sare, ambayo mama yake aliifua na kuianika na kuianua ikiwa kavu kabisa, ikawa kila ikitolewa kabatini ina pindo lililolowa jasho, limekunjamana mahali pale pale, kama kitambaa kilichoshikwa muda mrefu na mkono usiotaka kuachia.

"Kuna mtu anaita nesi chumbani kwako," mama alinong'ona jikoni, akiwa amekumbatia sufuria tupu.

"Usiitike, mama."

"Na wewe?"

"Mimi huitika kabla sijajua."

Shangazi alimleta mganga, mwanamke mnene mwenye mafua, ambaye kwanza aliulizia chai, akisema majini hawamwogopi mtu mwenye njaa. Shangazi alicheka, mama hakucheka. Mganga akafukiza, akasoma, akapiga chafya, akasoma tena, mpaka kinywa cha Abee kikafunguka na ile sauti kavu ikatoka, ikisema kwamba iliambiwa isubiri, ikasubiri, na kwamba mtu anayesubiriwa hana pengine pa kwenda ila pale anaposubiriwa. Mganga aliiamuru iondoke. Walibishana hadi jasho la mganga likadondoka kwenye makaa. Mwishowe sauti ikakubali, na harufu ikaanza kusogea kuelekea mlangoni, polepole, kama mgeni anayetafuta viatu vyake. Ilipofika kizingitini ilisema neno moja.

"Nakuja."

Mama alimshukuru Mungu, na shangazi akafungua madirisha. Ni Abee peke yake aliyebaki akikitazama kizingiti.

Nyumba ikatulia. Baada ya siku chache simu ikalia. "Nafasi imetoka, nesi. Wodi ile ile. Huku tunakujua." Abee alishika simu kwa mikono miwili. Aliogopa wodi ile kuliko kaburi, lakini ni hospitali gani nyingine ingemchukua? Mama alipiga pasi sare huku akiimba chini kwa chini.

Sista wa wodi alimpokea kwa mshangao. Alimsifia sare, akamuuliza hali ya nyumbani, akamshika bega.

"Nafasi hatuna, mwanangu. Nani alikupigia?"

Kutoka kona ya wodi sauti ikasema, "Nesi."

Sista hakugeuka. Kitanda kile kilikuwa kitupu, kimetandikwa vizuri, ila shuka lilikuwa limevutwa upande mmoja, kama mtu amejisogeza kumpisha mgeni akae. Abee aliuma midomo yake mpaka ikatoka damu. Haikusaidia.

"Abee, bibi," kinywa chake kikasema. "Nimekuja."